Kibanda cha Kobe

4 Machi

Mjomba Cheche,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ila Baba. Mama anakusalimu, anasema umesahau kwenu, na nimeambiwa niandike hivyo hivyo bila kupunguza. Mdogo wangu wa mwisho ameng'oka meno ya mbele, sasa akicheka anaziba mdomo kama bibi harusi. Paka alikufa.

Nisamehe mwandiko. Unajua niliishia darasa la nne, na hata huko nilikaa nyuma.

Sasa jambo lenyewe. Mvua zilizopita Baba alilazwa wiki mbili, kifua. Mama alikuandikia kwamba ni homa kidogo. Haikuwa homa kidogo. Daktari alimwambia mbele yangu, "Mzee, mapafu yako yamechoka. Ukilowa msimu mwingine mzima sitakuwa na la kukufanyia." Baba akajibu, "Sawa, daktari," kama ameambiwa duka limefungwa. Jumatatu alikuwa juu ya Kobe.

Kobe unamjua, ile trekta ndogo uliyoichomelea ndoano ya trela kabla hujahama. Mpaka leo haina hata mwavuli. Baba anabeba maji kutoka bwawani kwenda matangi ya juu ya mashamba ya mboga, safari nane kwa siku, na mvua yote inaishia mgongoni kwake. Nilikwenda kwa msimamizi, yule tunayemwita Kipenga, kumwomba ampe Baba kazi ya ndani. Yaani sikuomba, nilisimama mlangoni kwake mpaka akachoka, akauliza, "Wewe, umepandwa hapo?" Nikamwambia. Akasema, "Dereva anaendesha. Asiyeendesha hana kazi, na asiye na kazi hana nyumba ya kampuni. Sikutunga mimi." Sisi tuko watano kwenye hiyo nyumba.

Kwa hiyo nataka kumjengea Baba kibanda juu ya Kobe, akae mkavu. Mvua kubwa zinaanza mwezi wa tano. Kipenga amekubali nitumie mashine ya kuchomelea ya karakana siku za Jumapili. Nimeokota mabomba ya vitanda vya chuma, mabati manne, na kioo cha mbele cha basi dogo lililokufa. Nilikuwa nakutazama ukichomelea tangu nikiwa mdogo, lakini kutazama nako kuna mwisho. Nifundishe.

Mpwa wako,
Bubu


27 Machi

Bubu, mjomba wangu,

Marahaba. Barua yako ina maneno mengi kuliko yote uliyowahi kuyasema tangu uzaliwe. Nimeisoma mara mbili nihakikishe ni wewe. Nimeandika herufi kubwa kama za ubaoni ili wewe wa darasa la nne usipate shida, kwa hiyo usinicheke. Mwambie dada yangu sijasahau kwetu, ni kwetu kumekaa mbali. Paka poleni. Huku mimi mzima, kazi ni matangi ya maji tu, leo tangi, kesho tangi, mpaka naota nimekuwa tangi.

Shemeji naye ni mkaidi, nilimwambia zamani kwamba ile trekta itamzika. Nilisema kwa utani.

Sikiliza sasa. Usichomelee kibanda kwenye mwili wa Kobe, utaunguza nyaya, na tangi la mafuta liko karibu. Chomelea fremu peke yake chini, kisha ipandishe uifunge kwa bolti kwenye madigadi ya magurudumu. Kioo usikibane chuma kwa chuma, kitapasuka siku ya kwanza. Kata tyubu ya gurudumu, uweke mpira katikati. Bomba la moshi lipandishe lipite paa, moshi ukiingia ndani shemeji atasinzia na hutamwamsha. Paa liwe bati jembamba, Kobe akivaa kofia nzito atayumba. Na mlango weka mmoja tu, kila mlango ni tundu la mvua.

Halafu nichoree. Hujui kusema lakini kuchora unajua. Usikate chuma hata kimoja kabla sijauona mchoro.

Mjomba wako,
Cheche


14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilifika jana. Mama alicheka mpaka akakaa chini pale uliposema unaota umekuwa tangi. Baba anakohoa asubuhi tu, siyo mchana. Mdogo wangu ameanza shule, amerudi siku ya kwanza akasema amemaliza.

Mchoro huu hapa, kwenye karatasi ya katikati ya daftari. Nimepima kila kitu kwa kamba halafu kwa futi. Maneno yananishinda, mistari hainishindi, kwa hiyo kila kitu kiko kwenye mchoro, sikuona haja ya kueleza.

Ila naomba uangalie mlango. Niliutia wino mwekundu. Baba na mimi hatuelewani. Yeye anautaka pale alipozoea kupandia, anasema, "Miaka kumi na tisa mguu wangu unajua njia moja, wewe unataka kuufundisha nyingine leo?" Mimi nimekaa chini ya matangi siku tatu nikitazama mvua inampigia wapi, na nimeuweka kule isikompiga. Sijui kubishana naye. Nikifungua mdomo anamaliza yeye. Nimemwambia tu, "Tumuulize Mjomba." Ukisema ndiyo, atanyamaza. Ukisema hapana, nitauhamisha.

Sijakata chuma.

Bubu


1 Mei

Mpwa wangu,

Nakusalimu, na wote nyumbani. Mimi mzima.

Nimeuona mchoro wako. Umenyooka, kazi safi kabisa, hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Mlango uache hapo hapo ulipouweka. Mwambie shemeji fundi ameona, na fundi amesema.

Kata chuma. Mvua haisubiri.

Mjomba wako,
Cheche


7 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Kibanda kimekwisha!

Nilichomelea Jumapili mbili, ya tatu tukakipandisha, watu sita, na Kipenga akipiga kelele kama anakibeba yeye. Vijana wa karakana wanakiita kibanda cha tiketi. Baba akipita na Kobe wanampigia makofi, wanamwambia, "Mzee, mbili, za mbele!" Baba anawatolea mkono dirishani kama anawarudishia chenji. Mjomba, Baba hajafanya mzaha tangu atoke hospitali.

Mvua imenyesha siku sita mfululizo na Baba anarudi nyumbani mkavu. Hajakohoa. Mama anamshika shati mgongoni kila jioni, anageuka ananitazama.

Akipanda na mzigo anakwenda polepole, nusu saa nzima, na mvua inatoka upande wa bwawa, kushoto kwake. Ndiyo maana kushoto nimeziba bati zima, bolti kumi na nne, nati nimezifungia kwa ndani zisipate kutu. Mlango uko kulia. Bado analalamika, anapanda kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Atazoea.

Mjomba, kuna kitu nataka kuuliza. Mwandiko wa barua yako ya mwisho si wako. Herufi zako zinalala mbele kama watu wanaosukuma gari. Hizi zimesimama wima. Unaumwa mkono?

Bubu


22 Juni

Mpwa wangu,

Barua imefika leo na najibu leo. Salamu kwa wote.

Mlango usikae kulia. Nimefikiria upya. Akishuka bwawani, kulia kwake ndiko kwenye maji. Kobe akiteleza atalalia huko. Toa lile bati la kushoto, ukate mlango mwingine huko, au ulitoe kabisa. Shemeji alowe tu. Mwambie nimesema mimi. Akikataa, ficha ufunguo wa trekta. Usingoje Jumapili.

Mkono wangu mzima. Tutaongea mambo hayo siku nyingine.

Cheche


17 Julai

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako ya tarehe 22 ilifika tarehe 11. Tulikuwa tumemzika Baba tarehe 9.

Sikupiga simu kwa sababu namba yako haiiti. Kipenga alijaribu mara nyingi.

Nitakuandikia ilivyokuwa, halafu nisiandike tena habari hiyo. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 7, saa nne asubuhi. Baba alikuwa anashuka na tangi tupu. Ukingo wa barabara ulikuwa umelainika kwa mvua, ukakatika chini ya gurudumu. Kobe akalala upande wa maji, taratibu, kama mtu anayejinyosha. Mimi nilikuwa naosha kreti pale kwenye banda la kufungashia mboga, nikaona. Nilihesabu safari ya kupanda tu, Mjomba, kwa sababu ndiyo ndefu, ndiyo yenye mvua. Kushuka ni dakika kumi. Safari hiyo sikuihesabu.

Mlango ukawa chini, kwenye tope. Paa nalo lilizama kwenye tope. Trela likaja kukandamiza nyuma. Kushoto kukawa ndiko juu, na juu kulikuwa na bati langu, na nati ziko ndani. Spana haikuwa na cha kushika. Kioo cha basi kinapasuka chote lakini hakidondoki. Tulikipiga jembe kikawa cheupe. Tulikuwa watu tisa.

Baba alikuwa hai. Maji yalikuwa yanaingia kwa chini, kidogo kidogo. Nilimwona kwenye nyufa, akasema kitu, sikusikia. Mpira wa tyubu niliutia vizuri sana, hata sauti haikupita. Tulipomaliza kukata bati kwa msumeno wa chuma, kazi ilikuwa imekwisha.

Mama aliniuliza mara moja tu. "Nani alisema mlango ukae kule?" Nikasema, "Mjomba." Hajakutaja tangu siku hiyo.

Bubu


2 Agosti

Mpwa wangu,

Sina salamu. Nimekaa na barua yako siku tatu, kila siku nikiomba nisomewe tena, mpaka anayenisomea akasema, "Mzee, haitabadilika."

Mwandiko huu ni wa jirani yangu, fundi viatu. Zile za mwezi wa tano na wa sita pia ni zake. Macho yangu yamekwisha. Ukungu ulianza mwaka jana, nikasema ni moshi. Mwezi wa kwanza nilichomelea tangi likavuja kama kapu, wakaninyang'anya mashine. Sasa nafagia karakana kwa kupapasa. Barua ya kwanza niliiandika mwenyewe kwa herufi kubwa, nikakudanganya kwamba ni kwa ajili yako. Simu niliiacha kwa sababu siwezi kuona nani anapiga, nikaogopa atakuwa dada, na dada anasikia kila kitu kwenye sauti yangu.

Mchoro wako niliushika. Niliupeleka dirishani, nikauleta mpaka puani. Niliona karatasi. Nikamwuliza fundi viatu, "Mlango uko wapi?" Akasema, "Uko ubavuni." Milango yote iko ubavuni. Ningemwuliza ubavu upi, ni maneno mawili. Lakini alikuwa na mteja amesimama mguu mmoja peku, watu wanasikiliza, na mimi ni Cheche, fundi wa matangi. Nikaona aibu. Nikasema, "Andika hivi: mchoro umenyooka."

Uliponiandikia kwamba uko kulia, nilikimbilia posta kwa kushika kuta. Sikuwahi.

Msomee dada yangu barua hii. Yote. Asikulaumu wewe. Uliuliza fundi na fundi akakudanganya.

Cheche


29 Agosti

Fundi viatu, shikamoo. Sikujui. Naomba umsomee Mjomba polepole, na akikwambia usimame, simama.

Mjomba, shikamoo.

Mama hali chakula vizuri. Wadogo wanakwenda shule. Kobe alitolewa majini na winchi, akaoshwa, akawaka siku ya pili kama hajafanya kitu. Meneja wa kampuni mwenyewe alikuja nyumbani, mara ya kwanza kumwona kwa karibu, akasimama mlangoni bila kuvua kofia, akasema kuna kiti cha dereva na kuna nyumba, na vinakwenda pamoja. Mama aliniangalia. Basi mimi ndiye ninayeendesha. Kibanda nilikikata vipande kwa msumeno, nikavirudisha jalalani. Nalowa, lakini kifua changu bado kipya.

Madereva wa trekta nyingine mbili walinifuata. Wanataka niwajengee na wao. Nikatikisa kichwa. Mmoja akanikasirikia, akasema, "Mzee wako alikaa mkavu mwezi mzima. Sisi ni mbwa?" Nikawasha Kobe, nikaondoka.

Barua yako nilimsomea Mama. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Nilisoma yote kama ulivyosema. Nilipomaliza akauliza, "Haoni kabisa?"

"Haoni."

"Anapikiwa na nani?"

"Hajasema."

Akageuza ungo, akachambua tena mchele ambao ulikuwa umeshakwisha kuchambuliwa. Akasema, "Mwandikie aje. Sijasema nimemsamehe. Nimesema aje." Kisha akanigusa kichwa, na hajanigusa kichwa tangu niote ndevu. Akasema, "Pole, mwanangu. Kumbe na wewe ulidanganywa."

Nikanyamaza. Unajua ninavyonyamaza.

Mjomba, sikudanganywa. Barua yako ya mwezi wa tano niliisoma mara nne nyuma ya karakana. Uliandika hakuna cha kuongeza. Wewe hujawahi kuona kazi ukakosa cha kuongeza. Ile meza uliyomtengenezea Mama alipoolewa uliitukana mwenyewe mbele ya wageni. Mimi mchoro wangu ulikuwa na makosa, nilikuwa nimesahau hata bawaba, nikakumbuka baada ya kuutuma, nikangoja unitukane. Hukunitukana. Na mwandiko si wako. Nikajua pale pale kwamba aliyejibu barua yangu hakuuona mchoro. Habari ya macho sikuijua. Ila nilijua hukuuona.

Ningekuandikia tena. Au ningemwachia Baba mlango wake alipoutaka, basi, ingeisha. Lakini katika maisha yangu yote sijawahi kumshinda Baba neno hata moja, na sasa nilikuwa na karatasi mkononi inayosema nimeshinda. Nikaisoma kwa sauti mezani, bila kukwama. Baba akaweka kijiko chini, akasema, "Haya. Kama fundi ameona." Jumapili nikafunga bati. Na baada ya bati kufungwa ndipo nikakuuliza habari ya mwandiko, kama mtu asiyejua kitu.

Hili Mama halijui. Ameshaanza kukuandalia chumba cha nyuma, ametoa magunia, ameosha ukuta. Ukija utakaa humo na kosa zima ni lako, na mimi nitakushika mkono nikupeleke bafuni, nikurudishe, na Mama atanitazama kama mtoto mwema. Nimejaribu kumwambia mara mbili. Ya kwanza alianza kulia kabla sijafungua mdomo. Ya pili nilifungua mdomo, nikamwomba chumvi.

Ndiyo maana nakuambia wewe kwanza. Ukitaka, njoo umwambie mbele yangu, sitakataa. Ukiona huwezi kukaa nyumba moja na mimi, usije, na Mama nitamweleza kwa nini, nitalazimika.

Fundi viatu, najua hapa ungependa kuruka. Usiruke. Ukimaliza, mwulize kama bado anakuja, na uandike jibu lake kama atakavyolitamka, hata likiwa ni tusi.

Bubu